Kibali cha ujenzi kikikuumiza: baraza la ardhi, shauri la madai au mapitio? Ulinganisho kwa walioko Mtwara na Lindi

Tuseme kwenye mchoro wa mipango miji wa mtaa wenu, iwe Magomeni au Chuno pale Mtwara, kuna eneo limeandikwa "wazi". Watoto wanachezea mpira hapo, na ukitokea msiba turubai linafungwa hapohapo. Asubuhi moja mnakuta mabati yamezungushwa, mchanga umemwagwa, na fundi mkuu anawaonyesha karatasi yenye muhuri wa halmashauri: kibali cha ujenzi. Au wewe uko Mitwero, Lindi, na jirani yako amebadilishiwa matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta, mashimo ya matangi yanachimbwa karibu na kisima chako.

Wengi huanza kwa kuuliza wamshitaki nani. Mimi ningeanza na swali jingine: unataka mahakama ikupe nini? Ujenzi usimame? Kibali kifutwe? Utambuliwe kuwa mwenye eneo? Ulipwe fidia? Njia za kisheria zilizopo zinafanana kwa mbali, lakini kila moja ina kitu inachotoa na kitu isichoweza kabisa kukitoa. Nimekaa kwenye mabenchi ya baraza na ya mahakama, nikaona watu wenye haki ya wazi wakirudi nyumbani kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya upande wa pili kwamba shauri halikufunguliwa sawasawa, malalamiko yao yenyewe hata hayajasikilizwa. Walikuwa wamegonga mlango usio wao, au wamefika mlango ukiwa umeshafungwa. Ndiyo maana naandika haya.

Ugomvi na jirani: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Baraza hili ndilo watu wengi wanalijua, na kwa ugomvi wa mtu na mtu ndilo linalofaa. Jirani amejenga juu ya mpaka wako, ameziba njia, maji ya paa lake yanabomoa ukuta wako: mdaiwa ni jirani, na uamuzi wa halmashauri hauna ulazima wa kuguswa.

Huanzi baraza la wilaya moja kwa moja. Unapita kwanza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Suluhu ikishindikana linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, nayo ndiyo inayokufungulia njia ya kwenda wilayani. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kuendelea hata bila hati hiyo. Usiidharau hatua hii kwa kuwa uko karibu na mwenyekiti au umemchoka jirani. Shauri lililoruka Baraza la Kata hutupwa nje.

Ukifika wilayani, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Mwenyekiti hukaa na wazee wa baraza, mazungumzo ni Kiswahili, na mara nyingi baraza hukubali kwenda kuliona eneo lenyewe, jambo ambalo kwa ugomvi wa mpaka lina uzito kuliko kurasa nyingi za maandishi. Kikomo cha thamani kwa mashauri ya ardhi ni shilingi milioni 300. Usiporidhika na hukumu, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Lakini baraza haliwezi kufuta kibali kilichotolewa na halmashauri. Na ukiiongeza halmashauri kuwa mdaiwa wa pili, iwe ya manispaa, ya wilaya au hata ya kijiji, baraza linapoteza mamlaka palepale. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, kuishitaki serikali ya mtindo wowote ni Mahakama Kuu, kwa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Asipounganishwa, mwenendo wote ni batili.

Kwa hiyo watu hufanya ujanja: wanaiacha halmashauri nje ili shauri libaki barazani, karibu na nyumbani. Silaumu, kwa sababu mtu wa Nachingwea au Liwale akisikia "Mahakama Kuu Mtwara" anaanza kuhesabu nauli na gharama za kulala. Ila kama jirani anasimama juu ya kibali au juu ya barua ya ugawaji, ataileta karatasi hiyo siku ya ushahidi, na hapo mtarudi palepale kwenye halmashauri ambayo haikuitwa. Mnaweza kushinda leo, kisha hukumu ikafutwa kwenye rufaa kwa sababu mhusika muhimu hakusikilizwa. Kama kisa chako chote kimejengwa juu ya uamuzi wa ofisi, kubali mapema kwamba safari yako ni ya Mahakama Kuu.

Uamuzi wa ofisi: shauri la madai au mapitio

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Njia zote mbili zinasikilizwa Mahakama Kuu, na kwa mikoa yetu miwili masjala yake iko mjini Mtwara. Lakini ni kesi za namna mbili tofauti kabisa.

Shauri la madai linauliza: nani ana haki juu ya ardhi hii, na aliyeumizwa alipwe nini? Mnaleta mashahidi, wanahojiwa, hati zinapokewa kama vielelezo, mpima anaitwa kueleza ramani. Jaji anaweza kutamka kwamba eneo ni lako, kuamuru jengo livunjwe, kukupa fidia.

Mapitio yanauliza kitu kimoja tu: ofisi hii ilifikiaje uamuzi wake? Ilikuwa na mamlaka ya kutoa kibali? Iliwasikiliza wanaoguswa? Ilifuata hatua ambazo sheria imeziweka? Uamuzi wenyewe una mantiki? Jaji haamui kiwanja ni cha nani, wala haamui kama kituo cha mafuta ni wazo zuri au baya. Akiona njia iliyofuatwa ni mbovu, anaufuta uamuzi, au anaizuia ofisi kuendelea, au anailazimisha kutekeleza wajibu inaoukwepa. Fidia si kazi ya mapitio. Ushahidi ni hati ya kiapo na viambatisho, kwa kawaida hakuna shahidi anayesimama kizimbani. Kama kisa chako kinategemea jaji amwamini mzee aliyelima hapo tangu miaka ya vijiji vya Ujamaa, mapitio hayatakufaa. Jaji hatamsikia mzee huyo akizungumza.

Kwa upande wa muda tofauti ni kubwa, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki. Chini ya kanuni za mwaka 2014 zinazosimamia mapitio, unaomba kwanza ruhusa ya mahakama, na ombi hilo liwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Ukipewa ruhusa, una siku 14 tu za kuleta maombi yenyewe. Shauri la kurudisha ardhi, kwa upande mwingine, lina miaka 12. Lakini usijibweteke na miaka hiyo 12: dai la fidia kwa kitendo kilichofanywa na ofisi kwa kutekeleza sheria muda wake ni mwaka mmoja, na mawakili wa Serikali hawasahau kuliuliza hilo.

Mama mmoja alikuja na faili la plastiki, nyaraka zimepangwa vizuri kuliko za mawakili wengi. Barua kwa mtendaji wa kata, kwa Mkurugenzi, kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkuu wa Mkoa, kila nakala ina muhuri wa mapokezi na tarehe. Alikuwa anapinga mabadiliko ya matumizi ya kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yake. Kijana aliyempokea alizipitia zote kwa heshima, kisha akauliza, "Mama yangu, hiki kibali chenyewe kilitolewa lini?" Kilikuwa na miezi minane. Barua zote zile, zilizoandikwa kwa adabu na kupelekwa kwa mkono, hazikuwa zimesimamisha saa hata kwa siku moja. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu nzito, lakini "nilikuwa nasubiri majibu ya ofisi" mara nyingi haitoshi. Andika barua, ndiyo, ila andika huku ukihesabu miezi kutoka tarehe iliyo kwenye kibali, siyo kutoka siku uliyokasirika.

Kuhusu kusimamisha ujenzi, shauri la madai lina kizuizi kinachouma: siku 90 za notisi. Katika siku 90 msingi unapanda, nguzo zinamwagwa zege, na jengo likifika renta kila jaji ataona uzito wa kulivunja. Bahati nzuri mahakama zetu zimekuwa zikikubali maombi ya zuio wakati notisi inaendelea kuhesabika, yale ambayo mawakili wanayaita Mareva. Unaleta ombi hata kabla ya shauri lenyewe kuwepo, ukiomba hali ibaki ilivyo mpaka siku 90 ziishe. Vigezo ni vile vinavyotumika tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kuwe na jambo la kweli la kuamuliwa, uonyeshe kwamba hasara utakayopata haitafidika kwa pesa, na madhara ya kutokuzuia yawe makubwa kuliko ya kuzuia. Kigezo cha pili ndicho kinachowaangusha wengi. Ukiandika "nitapata hasara kubwa", umeandika hasara ya pesa. Ukiandika kwamba kisima pekee cha kaya kadhaa kitachanganyika na mafuta, au kwamba makaburi ya wazee yatafukuliwa, hapo jaji ana cha kushika.

Mapitio hayana kusubiri siku 90. Unaomba ruhusa mara moja, na jaji akiitoa anaweza kuagiza kwamba ruhusa hiyo isimamishe utekelezaji wa uamuzi unaolalamikiwa. Iombe wazi kwenye maombi yako. Usidhani inakuja yenyewe.

Gharama nazo hazilingani. Shauri la madai ni refu: mashahidi wa kusafirisha, tarehe za kuahirishwa, pengine mpima au mthamini wa kumlipa. Mapitio ni mafupi, lakini ni kazi ya kitaalamu. Maelezo ya maombi, sababu na hati ya kiapo visipokaa sawa, hakuna shahidi wa kuja kuokoa jahazi. Barazani mtu anaweza kujisimamia na akafanya vizuri. Kwenye mapitio sikushauri kabisa. Tafuta wakili, au ulizia msaada wa kisheria unaotolewa chini ya sheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria wapo kwenye wilaya zetu, na tangu mwaka 2023 kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria imewafikisha wanasheria kwa watu wengi ambao hawakuwahi kuonana na wakili.

Kasoro kubwa ya mapitio isifichwe. Ukishinda, uamuzi unafutwa, basi. Halmashauri inaweza kuita kikao upya, ikawasikiliza, ikafuata kila hatua, kisha ikatoa kibali kilekile. Kuna watu wamesherehekea na baada ya miezi michache wakaona mabati yanarudi. Bado naiona njia hii kuwa na thamani kubwa, kwa sababu kikao cha pili hakiwi kama cha kwanza: safari hii pingamizi lenu limo kwenye muhtasari, na madiwani wanajua kuna jaji aliyesoma faili.

Kabla ya mahakama

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kuendeleza ardhi kwenye eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Anayeomba kubadilisha matumizi, kwa kawaida kunawekwa tangazo. Ukiliona, lipige picha siku hiyohiyo, tarehe ionekane, na upeleke pingamizi la maandishi ndani ya muda uliotajwa humo. Pingamizi la mapema lina faida mbili: linaweza kumaliza jambo bila kesi, na likipuuzwa linakuwa ushahidi wako bora kwamba hukusikilizwa. Haki ya kusikilizwa ni ya kikatiba, Ibara ya 13(6)(a).

Omba pia nyaraka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 za kukujibu. Usiombe "taarifa kuhusu kiwanja". Taja unachotaka: nakala ya kibali, namba ya mchoro wa mipango miji, na muhtasari wa kikao cha kamati kilichopitisha ombi. Muhtasari ndio moyo wa mapitio. Ikiwa kikao kinadaiwa kufanyika tarehe fulani na muhtasari hauonyeshi ajenda hiyo, una kesi. Kwa walio vijijini, ulizia muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Sahihi za mahudhurio zisome jina kwa jina.

Kuna sababu nyingine ya kupita ofisini kwanza. Kama sheria imeweka ngazi ya rufaa dhidi ya uamuzi fulani na wewe umeiruka, mahakama itakurudisha. Mwulize wakili kuhusu hilo ndani ya wiki za kwanza, ili ngazi hiyo na ile miezi sita zisije zikagongana.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko ya aina hii bila ada, na barua yake huweza kuamsha ofisi iliyolala. Haipokei jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo ikiwa utaitumia, itumie mapema.

Mimi ningechagua hivi

Kwa uwanja wa wazi uliozungushiwa mabati, ningekwenda mapitio bila kusitasita, ndani ya miezi miwili ya kwanza. Hakuna mkazi anayedai eneo ni lake, hivyo suala la umiliki halipo. Swali ni kama ofisi ilikuwa na uwezo wa kutoa kibali cha nyumba kwenye eneo ambalo mchoro umelitenga kwa ajili ya umma, na bila kuwasikiliza wanaolitumia. Angalieni tu nani anakuwa mwombaji. Serikali ya mtaa haina nafsi ya kisheria ya kushitaki kama ilivyo halmashauri ya kijiji, kwa hiyo waombaji wawe wakazi wenyewe kwa majina, wachache wanaopakana na eneo, wenye maslahi yanayoonekana. Orodha ya watu mia mbili inapendeza mkutanoni, ila mahakamani kila jina ni hati ya kiapo au kibali cha uwakilishi kinachoweza kukosewa.

Kituo cha mafuta karibu na kisima ni kisa kigumu zaidi. Kama mabadiliko ya matumizi yalipita bila tangazo au tathmini ya athari kwa mazingira haikufanyika, hoja hizo ni za mapitio na zina nguvu. Kama hatua zote zilifuatwa na tatizo ni madhara yenyewe, mapitio yatakupotezea muda. Fungua shauri la madai, na tanguliza ombi la zuio kabla zege halijamwagwa. Sampuli ya maji ya kisima ichukuliwe sasa, wakati bado ni safi, kwa kuwa baadaye hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Jirani aliyevuka mpaka kwa futi tatu, hata kama ana kibali kizuri cha nyumba, nenda Baraza la Kata kisha la wilaya. Kibali cha kujenga hakikumpa futi zako tatu, na hakuna sababu ya kuiburuta halmashauri hadi Mahakama Kuu kwa jambo ambalo mpima atalimaliza kwa siku moja.

Na mwenye mikorosho ambaye shamba lake limeingizwa kwenye mradi? Huku kwetu jambo hili si geni: Likong'o, kule Lindi, watu wanajua ilivyokuwa kusubiri, eneo limetengwa kwa mradi wa gesi, fidia ikaanza kulipwa mwaka 2020. Ukipinga mradi wenyewe, una mapitio na miezi yako sita. Ukikubali mradi na kupinga kiasi, hilo ni shauri la madai, na usikubali mtu akwambie kwamba shamba la kimila halina hadhi. Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Fidia si bei ya miti peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa aliyekuwa na biashara. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, kuna riba.

Siku mthamini anapopita shambani, tembea naye mstari kwa mstari, na umwombe mwenyekiti wa kijiji awepo. Hesabu mikorosho inayozaa na ile michanga kwa kuitenganisha, kisha linganisha na alichoandika kabla hujaweka sahihi. Kama hamkubaliani, andika "sikubaliani na idadi" juu ya sahihi yako, kwenye fomu yenyewe, na upige picha ukurasa huo. Jaji atakayesikiliza shauri lako miaka miwili baadaye hatalikuta shamba. Ataikuta fomu.